Picha Kila Dakika 10
Ukimwajiri mtaalamu wa programu kwa malipo ya saa kupitia Upwork, soko la kazi mtandaoni lililotokana na muungano wa Elance na oDesk na kupewa jina hilo mwaka 2015, huenda usimwone uso. Utaona picha za skrini yake, moja katika kila dakika 10, na hesabu ya mara alizobonyeza kibodi. Sasa aliyekaa kimya akiwaza kosa limejificha wapi, picha zitamwonyesha vipi? Mvivu! Na mara nyingi huyo ndiye fundi hasa. Afadhali umpe kwanza kazi ndogo, umlipe, kisha umtafute mjuzi akusomee alichoandika, ndipo mwingie mkataba mrefu. Anayetaja bei ya chini kuliko wote? Mimi ningempita.