MALIPO YA ASKARI POLISI NA WAZIMA MOTO WANAPOSTAAFU AU KUUMIA KAZINI

(Hotuba ya Katibu kwa wanachama, Birongo)



Leo nitasema juu ya watu wawili ambao kazi yao ni kukimbilia mahali ambapo wengine wanapakimbia: askari polisi na mzima moto. Nataka tujue sheria inawapa nini wakizeeka, inawapa nini wakivunjika mguu au wakipofuka kazini, na inawapa nini wajane wao.

Huenda mtu akauliza: sisi wa majani chai na wa ofisi za kaunti, jambo hili latuhusu nini? Latuhusu sana. Wengi wetu tuna mtoto au shemeji aliye polisi. Polisi hana chama cha wafanyakazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 24, inaruhusu sheria kupunguza haki yake ya kuungana na wenzake. Basi yeye hana katibu wa kumwandikia barua. Akikosa kujua sheria, sisi jamaa zake ndio wa kumwambia.

Mzima moto ni mwenzetu kabisa. Katiba hiyo hiyo iliweka kazi ya kuzima moto mikononi mwa kaunti, kwa hiyo yeye ni mfanyakazi wa kaunti kama karani na mfagiaji. Tena chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa ni cha zamani. Tom Mboya, alipokuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, alikiongoza katika miaka ya 1950. Mzima moto hana sababu ya kusimama peke yake.

Sasa tuanze na polisi.

Kwa miaka mingi polisi alilipwa pensheni kwa Sheria ya Pensheni, Sura 189. Fedha zilitoka katika hazina ya Serikali. Hesabu yake ni hii: kwa kila mwezi aliotumika, alihesabiwa sehemu moja katika sehemu 480 za mshahara wake wa mwisho. Aliyetumika miaka 25 ametumika miezi 300. Kama mshahara wake ulikuwa shilingi 48,000, pensheni yake ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Akitaka, huchukua robo kama mkupuo na kubakiwa na robo tatu kila mwezi. Lakini ilimpasa awe ametumika miaka kumi. Asipofika hapo, hakupata pensheni ya kila mwezi kwa utumishi wake.

Tangu tarehe 1 Januari 2021 mambo yamebadilika. Siku hiyo ilianza kazi Sheria ya mwaka 2012 ya Mpango wa Malipo ya Uzeeni kwa Watumishi wa Umma. Watumishi wa Serikali, walimu, polisi na askari jela waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa wote. Waliozidi umri huo waliachiwa hiari. Mfanyakazi alianza kukatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili, na asilimia 7.5 tangu mwaka wa tatu. Serikali hutia asilimia 15. Konstebo wa mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa shilingi 2,250, na Serikali huongeza shilingi 4,500.

Wengine wamelalamika kwamba wanakatwa mshahara ambao zamani haukukatwa. Malalamiko hayo yana haki yake, maana shilingi 2,250 ni karo ya mtoto. Lakini kuna upande wa pili. Sheria hiyo inaitaka Serikali imkatie kila mwanachama bima ya maisha isiyopungua mara tano ya mshahara wake wa mwaka, na bima hiyo iwe na malipo ya ulemavu. Konstebo wetu wa shilingi 30,000 hupata shilingi 360,000 kwa mwaka. Akifa kazini, bima yake ni shilingi 1,800,000. Je, mke wake anajua? Je, jina la mke na majina ya watoto yameandikwa katika fomu, au lipo jina la mama mzazi lililoandikwa siku kijana alipotoka chuo cha polisi? Hapo ndipo ugomvi wa matanga huanzia. Mwambieni kijana wenu aitazame fomu hiyo akija likizo.

Sasa twende kwa mzima moto.

Yeye, kama wafanyakazi wengine wa kaunti, hukatwa fedha za uzeeni kila mwezi, na kaunti inatakiwa iongeze fungu lake na kupeleka zote katika mfuko. Sheria ya Malipo ya Uzeeni ya Serikali za Kaunti ilipitishwa mwaka 2019. Sheria ni nzuri. Ubaya ni kwamba kaunti nyingi zimekuwa na deni kubwa kwa mifuko hiyo. Fedha hukatwa kwenye mshahara, karatasi ya mshahara huonyesha zimekatwa, lakini mfukoni hazikufika. Mtu huyu amezima moto wa maduka na wa mabweni kwa miaka thelathini. Siku ya kustaafu anaambiwa angoje. Kungoja huko ni njaa. Fedha iliyokatwa ni mshahara wake tayari, si hisani ya mtu yeyote.

Jambo la tatu ni kuumia kazini, na hili linawahusu wote wawili, na ninyi pia.

Sheria ya Malipo ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 ilichukua mahali pa ile ya zamani ya Fidia, Sura 236. Inawahusu wafanyakazi wote, hata wa Serikali, isipokuwa wanajeshi. Watu walishindana juu yake mahakamani miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019. Inasema hivi: aliyelemaa kabisa kwa maisha hulipwa mshahara wa miezi 96. Aliyelemaa sehemu hulipwa sehemu. Mzima moto wa shilingi 30,000 akikadiriwa na daktari kuwa na ulemavu wa asilimia 30, hesabu yake ni shilingi 864,000. Gharama za matibabu ni juu ya mwajiri.

Lakini sheria hii ina saa yake. Madai yawe yamepelekwa kabla ya miezi 12 kwisha tangu ajali. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga. Ukikataliwa tena, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Kazi. Mtu akikaa nyumbani akitumaini mkubwa wake atamkumbuka, saa hiyo haimngoji.

Tena liko jambo ambalo sheria yetu bado haijalifikia vizuri. Moshi hauui siku ile ile. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba kazi ya kuzima moto yenyewe husababisha saratani. Jimbo la Manitoba huko Kanada lilikuwa limetunga sheria tangu mwaka 2002: mzima moto wa miaka mingi akishikwa na saratani fulani, huhesabiwa kuwa ameipata kazini, na asiyekubali ndiye atoe ushahidi. Kwetu mgonjwa ndiye hubeba mzigo huo, naye hana pumzi ya kupanda ngazi za ofisi. Nashauri tawi letu lidai sheria ya namna hiyo, na wakati huo huo lidai kila mzima moto apimwe mapafu kila mwaka na apewe nakala ya karatasi yake.

Ndugu wafanyakazi, namaliza kwa kazi nne. Kwanza, kila ajali iandikwe siku ile ile, hata kama ni jeraha dogo, na ubaki na nakala. Pili, kila mwanachama aulize mfuko wake mara moja kwa mwaka: je, fedha zangu zimefika? Alete jibu tawini tukilinganishe na karatasi za mshahara. Tatu, fomu za warithi zitazamwe upya. Nne, mjane yeyote wa polisi au wa mzima moto hapa Birongo anayezungushwa na maofisi, aletwe kwetu, hata kama mumewe hakuwa mwanachama. Barua tutamwandikia.

Harambee!