ROBOTI NA MTU ALIYE KANDO YAKE
(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya wajumbe wa viwandani)



Mlitaka nieleze habari za roboti, maana wengi wamesikia kwamba zitatunyang'anya kazi. Jambo hilo ni kubwa, nalo tutalipatia siku yake. Leo nasema juu ya mfanya kazi atakayebaki, yule atakayesimama kando ya roboti kutwa nzima. Je, huyo ameulizwa neno lo lote kabla mtambo haujaletwa?

Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliwekwa mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, kushika vyuma vya moto vilivyotoka katika kalibu. Kazi ile ilikuwa ya kuunguza watu, wala sina ugomvi nayo. Lakini mkono ule haukuona wala haukuhisi kitu. Dawa ya mitambo ya namna hiyo ilikuwa kuizungushia ua, na ua haufai kitu ikiwa kazi yenyewe yamwita mtu aingie ndani. Tarehe 25 Januari 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, Robert Williams, kijana wa miaka 25, alipanda rafuni kuchukua vyuma. Mtambo ukampiga, akafa. Jamaa zake walishtaki kwamba haukuwa na kitu cha kumwonya mtu. Mwaka 1983 korti iliamua walipwe dola milioni 10, tena na kampuni iliyouunda. Angalieni sana hapo: aliyeuunda ndiye aliyeamriwa kulipa.

Siku hizi ziko roboti za kufanya kazi pamoja na watu bila ua. Universal Robots ya Denmark ilianza kuuza yake mwaka 2008. Mkono ukigusa mtu husimama. Mwaka 2012 Wamarekani wa Rethink Robotics walileta Baxter, yenye kioo kichwani kilichochorwa macho. Kabla mkono haujaenda upande, macho hutazama huko kwanza. Wako waliocheka, bali mimi naona ni akili. Hamali mwenye mzigo hupiga kelele apate njia, na mwenzako mezani wamjua atakapogeukia kwa kumtazama. Kampuni ile ilifungwa mwaka 2018, lakini wazo lake lingali zuri.

Jambo jingine nililolipenda zaidi ni swichi ya mkononi ya mtu anayeifundisha roboti kazi. Ina hatua tatu. Ukiiacha, mtambo husimama. Ukiibonyeza kidogo, huenda. Ukiikaza kwa nguvu, husimama tena. Kwa nini? Kwa sababu mtu akishtuka, huenda akaachia, au huenda akakaza ngumi, na hajui kabla atafanya lipi. Aliyetengeneza swichi hiyo alimfikiria mwanadamu mwenye hofu, si mwanadamu wa kwenye picha.

Basi msidanganywe na neno "roboti salama". Mkono mpole ulioshika kisu ni kisu. Na kengele ya kuonya isiyosikika katika kelele za mashini zetu ni pambo tu. Mambo kama hayo fundi wa ng'ambo hayajui. Anayajua mama aliye kwenye mstari wa kufungia maboksi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kwa hiyo tajiri akileta mtambo wa namna hii, mjumbe aombe kamati ikutane kabla haujafungwa sakafuni. Aulize: kitufe cha kusimamisha kiko wapi, nacho chafikiwa na mtu mfupi? Maandishi ya kioo ni ya lugha gani? Nani ataweka mwendo wake, na mfanya kazi akiona ni wa kasi mno atamwambia nani? Tena aombe siku za kuujaribu, na walio kando yake waseme kwanza.

Maswali haya yamepigwa chapa. Kila mjumbe achukue karatasi yake kwa karani kabla ya kuondoka.