Tuhesabu Mikoko Iliyo Hai

(Maneno ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wananchi waliojitolea kupanda mikoko katika kata za pwani)



Nina deni kwenu. Mwaka jana mlipojitolea kupanda mikoko, nilipiga picha na kutangaza katika jarida hili idadi ya miche iliyopandwa. Sikurudi kuandika iliyobaki. Baada ya miezi michache, sehemu kubwa ilikuwa imekufa au kusombwa na maji. Wengi mnauliza, tena kwa haki: kwa nini tujitolee tena?

Kosa halikuwa la mikono yenu. Tulichagua tope lililo wazi mbele ya ufuko kwa kuwa halikuwa na mgogoro. Mkoko hupumua kwa mizizi. Mche unaofunikwa na maji kwa saa nyingi mno hufa. Wazee walitwambia kuwa pale hapakuwahi kuota mikoko. Hatukuwasikiliza.

Safari hii tutaanza palipokuwa na msitu ukakatwa. Kwanza tutazibua mikondo iliyoziba, ili maji yajae na kupwa kama zamani. Maji yakirudi, mbegu nyingi huletwa na bahari yenyewe. Tutapanda pale tu zisipofika, na kila aina mahali pake: mchu, mkandaa na mkoko havioti sehemu moja.

Kamba na samaki wachanga hukulia katika mizizi hiyo, na mawimbi hupungua nguvu kabla ya kufika majumbani. Kule Gazi, Kwale, nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 huuza hewa ukaa, na mapato yake yamesaidia maji na shule. Siwaahidi fedha hizo. Nasema tu kuwa msitu uliotunzwa hulipa.

Ombi letu ni kila kitongoji kichague watu wa kukagua miche kila bamvua. Tukumbushane pia kuwa kukata mikoko bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ni kosa.

Mwakani nitaandika hapa idadi ya miche iliyo hai, hata ikiwa ndogo.