Magazini Isiyotoka



Watu wa Kilwa na Liwale hawahitaji kufundishwa gobore ni kitu gani. Lina mtutu mrefu, kitako cha mti na mlango mmoja tu. Baruti huingilia mdomoni, hufuatiwa na kitambaa au makumbi, kisha kipande cha chuma, halafu mdeki unashuka kushindilia vyote hadi chini. Mzigo huo hutokea mdomo ule ule. Mlango wa nyuma hakuna. Ndiyo maana gobore likishashindiliwa mwenyewe hana njia rahisi ya kulitegua isipokuwa kulipiga. Kama nguruwe hakutokea shambani usiku huo, gobore hurudi nyumbani na mzigo wake tumboni, likatundikwa darini kumsubiri nguruwe wa kesho. Au mtoto wa kesho.

Bunduki ya kisasa ilitengenezwa ikiwa na mlango wa nyuma. Risasi zinakaa ndani ya magazini chini ya bunduki, zinapandishwa chemba moja moja, na mwenye silaha akitaka kulala anachomoa magazini, anafungua bolti, anatazama ndani, anaona patupu. Basi bunduki ya risasi tano ambayo magazini yake imekwama na haitoki imerudi kuwa gobore. Tofauti ni kwamba gobore lina mlio mmoja na hii ina mitano. Jambo hili nataka tulizungumze leo, kwa sababu pwani yetu ya Lindi ina kila kitu kinachoweza kuikwamisha magazini.

Chumvi ni ya kwanza. Upepo wa bahari unaoliza mabati ya Kilwa Kivinje hauchagui chuma. Kile kishikizo kidogo kinachobana magazini kina springi nyembamba, na springi ikishika kutu haisogei hata ukiibonyeza kwa dole gumba mpaka ukucha uume. Ya pili ni mafuta. Wengi wetu hupaka silaha mafuta yaliyopo jikoni. Mafuta ya kula, hata yakiwa ya ufuta wetu wa Lindi, yakikaa miezi kadhaa huganda yakawa kama gundi, na vumbi la njia ya Njinjo likiingia humo unapata saruji. Ya tatu ni baiskeli. Bunduki iliyofungwa kwenye baiskeli ikianguka mara mbili tatu, magazini ya bati hupinda kidogo ubavuni, nayo ikipinda haitelezi tena katika nafasi yake.

Sasa tazameni inavyoshughulikiwa. Mtu anaipiga kwa kitako cha panga. Ikikataa, analeta bisibisi na kuchokonoa. Ikizidi kukataa anaiegemeza bunduki ukutani, mtutu juu, ananing'inia kwenye magazini kwa mikono miwili huku watoto wamemzunguka kumshangilia. Silaha hiyo bado ina risasi. Inawezekana kabisa kuna moja imo chemba, na mshtuko au kidole kilichogusa pasipotakiwa kinatosha.

Kuna kosa jingine linalofanywa na watu wenye akili timamu kabisa. Magazini inatoka baada ya taabu nyingi, wote wanashusha pumzi, na bunduki inahesabiwa kuwa tupu. Lakini magazini ikitoka inaondoka na risasi zake tu. Ile iliyokwisha kupanda chemba inabaki pale pale. Na yule anayejaribu kuimaliza kwa kuvuta bolti na kuirudisha mbele, hali magazini imo, ajue kwamba kila akiirudisha anasukuma risasi nyingine ndani. Maaskari wanafundishwa jambo hili wiki ya kwanza: mtutu uelekee mahali ambapo hakuna mtu, kidole kikae nje ya triga, bolti ikishafunguliwa iachwe wazi, na silaha iliyokwama ihesabiwe imejaa hadi macho yathibitishe vinginevyo. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi wa silaha. Fundi pikipiki haimhusu. Haimhusu hata mhunzi, ingawa wahunzi wetu wana mikono ya ajabu.

Pengine mtashangaa kusikia kwamba zipo nchi ambako magazini ilifanywa kwa makusudi isitoke upesi. Katika jimbo la California, Marekani, sheria ya mwaka 1999 iliibana bunduki yenye magazini ya kuchomoka kama ina vikorombwezo fulani vya kijeshi. Watengenezaji wakabuni kitufe kisichobonyezeka kwa kidole, ila kwa kifaa, na ncha ya risasi ilihesabiwa kuwa kifaa. Kwa hiyo mtu akachomoa magazini kwa kubonyeza risasi, na sheria ikabaki inatazama. Baada ya watu 14 kuuawa San Bernardino tarehe 2 Desemba 2015, watunga sheria wa jimbo hilo walibadilisha maneno mwaka 2016: magazini ihesabiwe imefungwa ikiwa tu haiwezi kutoka bila kuifungua mitambo ya bunduki yenyewe.

Tusichanganye mambo. Kufuli ile iliwekwa ili muuaji asibadilishe magazini kwa kasi. Haikuwekwa kumlinda mwenye bunduki na bunduki yake. Nayo ni chuma kama chuma kingine, hushika uchafu na kukwama, na mwenye silaha akabaki na swali lile lile la mkulima wa Kipatimu: nitazitoaje risasi hizi? Waingereza nao walipoipokea bunduki ya Lee-Metford mwaka 1888, mwaka ule ule ambao watu wa Kilwa waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, waliifunga magazini kwa kipete cha mnyororo isipotee. Hata hivyo, aliyekuwa na hitilafu alikuwa na fundi wa jeshi kambini.

Na hapa ndipo penye mzizi. Mkulima wa Kipatimu, au wa Nanjirinji, ana fundi gani?

Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka wazi kwamba kuunda na kutengeneza silaha si kazi ya kila mtu, ni ya mwenye kibali. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ukanda huu una sababu zake za kuiheshimu. Tarehe 13 Aprili 2017, huko Kibiti, kaskazini mwetu, askari polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa njiani na silaha zao zikachukuliwa. Kabla ya hapo tuliona tembo wa Selous wakiteketea: hesabu ya mwaka 2009 ilikuwa karibu 39,000, na ya mwaka 2013 ikawa takribani 13,000. Baada ya mambo kama hayo, mtu anayeonekana na bunduki barabarani lazima aulizwe maswali, na mimi pia ningemwuliza.

Lakini jiweke katika viatu vya mwenye leseni halali. Anailinda mihogo na ufuta wake, magazini imekwama. Ili aipate huduma inayokubaliwa na sheria, aifunge bunduki yenye risasi ndani, apande nayo basi hadi Nangurukuru, ashuke, apande jingine. Kila kizuizi ataeleza kwa nini silaha yake haijatolewa risasi. Abiria wenzake watakaa upande gani? Mtu huyo ataona ni heri asubiri giza, aende kwa mhunzi anayemjua, amlipe kuku wawili. Mhunzi atatumia moto na tupa. Tupa haijui kusoma, na ikipita juu ya namba ya silaha, bunduki iliyokuwa halali inakuwa kitendawili mbele ya ofisa yeyote atakayeilinganisha na leseni.

Najua Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha haramu bila kushitakiwa, na ni jambo jema. Mwenye silaha halali iliyoharibika, yeye hana kipindi chake. Aliyevunja sheria anaitwa kwa upole, aliyeifuata anaachwa apambane na bisibisi.

Mimi naona dawa ni fundi kumfuata mkulima. Polisi wana mafundi wa silaha, na Idara ya Wanyamapori hali kadhalika inatumia bunduki kila siku. Mtumeni mmoja, mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na kabla ya mavuno, akae kituo cha polisi cha tarafa kwa siku zinazojulikana. Kwa wale wa mbali, itoshe kutoa taarifa, silaha ikae imefungwa peke yake mahali salama, na fundi aifuate ilipo badala ya silaha yenye risasi kusafirishwa. Aikague, aitoe kutu, ailinganishe namba na leseni, airudishe. Kwa kazi hiyo hiyo ofisa atajua ni silaha ngapi bado zipo mikononi mwa wenyewe na ngapi zimepotea kimya kimya.

Wapo watakaosema kuwatangazia watu siku ya kuleta bunduki ni kuwaonyesha majambazi nyumba za kuvamia. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, hasa kwa sisi tuliokaa jirani na Kibiti mwaka ule. Basi wasitangaziwe sokoni. Daftari la leseni lina majina, waitwe mmoja mmoja kwa barua ya ofisi.

Likabaki la fedha. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa mazao kila msimu ufuta na korosho zinapouzwa, na sehemu ya ufuta huo imelindwa usiku na bunduki hizi hizi. Nauli ya fundi mmoja kutoka Lindi mjini hadi Kipatimu, na posho yake ya siku mbili, zinaweza kutoka humo.