Wino na Karatasi ya Picha: Maswali Kabla ya Kulipa

Ndugu wakazi wa Kigamboni, wenye vibanda vya kusafisha picha pamoja na wateja wenu,

Picha ya mzazi aliyetangulia mbele ya haki, itundikwayo sebuleni, mara nyingi ndiyo pekee iliyosalia, kwa kuwa simu iliyoipiga imekwisha kupotea. Ndiyo maana tumeona tuzungumzie jambo linalodhaniwa kuwa dogo: wino kukubaliana na karatasi.

Printa zinazorusha matone hutumia wino wa namna mbili. Wino wa dai ni rangi iliyoyeyuka, nayo huzama ndani ya utando wa karatasi. Wino wa pigimenti ni chembe ndogo mno zinazobaki juu, na kwa kawaida hustahimili mwanga na hewa kwa muda mrefu zaidi. Printa nyingi za bei nafuu hutumia dai kwa rangi, lakini wino wake mweusi ni wa pigimenti, uliokusudiwa barua na fomu. Basi fundi akiweka karatasi ing'aayo huku kompyuta imeachwa kwenye chaguo la karatasi ya kawaida, mashine huutumia ule mweusi ambao karatasi hiyo haiwezi kuushika. Nywele na suti ya bwana harusi hufutika kwa kidole. Wino si mbovu, wala karatasi si mbovu, havikutengenezwa vikutane.

Ziko pia karatasi zenye utando wa vinyweleo. Hukauka upesi, na fundi mwenye foleni huzipenda, ila vinyweleo hivyo huruhusu hewa kuufikia wino. Mwaka 2000, baadhi ya picha zilizochapwa kwa Epson Stylus Photo 870, tena kwenye karatasi ya kampuni hiyohiyo, ziligeuka rangi ya chungwa baada ya muda mfupi, kwa kuwa ozoni iliyomo hewani iliufifisha wino wa samawati. Sembuse wino wa chupa isiyo na jina! Nasi wa pwani tuna unyevunyevu: picha iachwe ikauke walau saa 24 kabla ya kuwekwa kwenye fremu, na isigusane na kioo.

Mlaji aulize: wino huu ni dai au pigimenti? Pakiti ya karatasi iko wapi, nayo inataja wino gani? Picha moja ichapwe na kusuguliwa kwanza, kabla ya zile mia za harusi. Fundi naye asiahidi kwamba picha haififii ikiwa hana hakika, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Wino bandia uliotiwa katika boksi la kampuni maarufu unaguswa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na hapo fundi mwenyewe ndiye mlaji aliyedhulumiwa.

Mwenye malalamiko na alete stakabadhi, picha iliyoharibika na boksi la wino. Boksi likikosekana, ni vigumu kubaini kama kosa ni la fundi au la aliyemuuzia wino.