Mcharuko wa Ukoma: Neno kwa Washarika na Wageni wa Jubilei



Ukoma, au matana kama wazee wa Pwani walivyouita, si habari ya kitabu cha Walawi peke yake. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, na wengi wakadhani umekwisha. Watu wa Muheza na Mkinga wanajua kwamba haukwisha.

Dawa mseto zilipoanza kutolewa nchini mwaka 1983, matibabu yalipata mwisho: miezi 6 kwa wenye vimelea vichache, miezi 12 kwa wenye vimelea vingi. Hili lahubiriwa mara nyingi. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba mgonjwa aliyemeza dawa kwa uaminifu aweza kuamka siku moja mabaka yamevimba na kuwa mekundu, au vinundu vyenye maumivu vimetoka mwilini pamoja na homa. Majirani husema dawa zimemdhuru. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Naye huziacha.

Lakini huo ni mcharuko, ambao wauguzi huuita riaksheni. Kinga ya mwili imeshambulia vimelea, hata vile vilivyokwisha kufa, na vita hiyo hupiganwa ndani ya mishipa ya fahamu. Ni kama watu wanaompiga nyoka kwa marungu ndani ya nyumba: nyoka hufa, na vyungu huvunjika. Mshipa wa kiwiko ukidhurika vidole hujikunja. Wa goti, mguu huburuta. Wa uso, jicho halifumbi. Haya hutokea kwa siku au majuma machache, na wakati mwingine bila maumivu yoyote. Yaweza pia kutokea miaka kadhaa baada ya kumaliza dawa, wala hiyo si dalili kwamba mtu ameanza tena kuambukiza. Hakuna sababu ya kumtenga na Meza ya Bwana.

Dawa mseto haziachwi. Daktari huongeza prednisoloni, ambayo hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Kuinunua dukani kwa kukisia ni hatari, kwa maana huweza kupandisha sukari na kuamsha kifua kikuu kilicholala. Udhaifu wa mkono au mguu ukitibiwa kabla ya miezi 6 kupita, kuna tumaini la kurudi nguvu. Ukiachwa zaidi, tumaini hupungua sana.

Kwa hiyo mzee wa mtaa anayemtembelea mgonjwa, baada ya sala, amwombe afumbe macho, ashike kikombe, anyanyue nyayo. Aliyelegea apelekwe zahanati kesho yake, asingojewe hadi Jumapili.