Kumtayarisha Mtoto wa PP1 Nyumbani Bila Simu

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa Fort Ternan



Shule zinapofunguliwa Januari, mwalimu wa PP1 hupokea watoto wa aina mbili. Yupo anayesema jina lake, anayekwenda choo mwenyewe na kumsikiliza mwalimu hadi amalize. Na yupo anayejua kufungua simu na kutafuta katuni, lakini kalamu ya rangi inamponyoka mkononi, na akiulizwa swali ananyamaza. Huyu wa pili si mzito wa akili. Alichokosa ni mazoezi ya mikono na ya ulimi.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Lakini mtoto huingia PP1 akiwa na miaka 4, na miaka hiyo yote amelelewa na mzazi na gogo wake. Msingi umewekwa nyumbani kabla mwalimu hajamwona.

Mzazi humpa mtoto simu kwa sababu inayoeleweka. Amerudi kutoka kuchuma kahawa, bado kuni, maji na ng'ombe wa kukamwa, na mtoto analia. Simu humnyamazisha mara moja. Lakini wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto hujifunza kuzungumza kwa kuzungumza: anasema neno, mtu mzima anamjibu, naye anasema tena. Katuni haimjibu, na akikosea haimsahihishi.

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili. Mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wa miaka 3 na 4 anahitaji angalau saa 3 za kukimbia, kuruka na kucheza kila siku, na usingizi wa saa 10 hadi 13.

Habari njema ni kwamba hakuna cha kununua. Kazi za kila siku za nyumbani zina masomo ya kutosha.

Kwanza, mikono. Kupukuchua mahindi, kumenya ndizi mbivu, kufunga vifungo vya shati na kufinyanga ng'ombe wa udongo huimarisha vidole. Vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Kijiti na vumbi la uani vinatosha kuchora duara na mistari.

Pili, hesabu. Mtoto atenge buni nyekundu na za kijani, au maharagwe makubwa na madogo. Wakati wa chakula aweke kijiko kimoja kwa kila mtu, akihesabu: agenge, aeng', somok. Kijiko kikipungua, aulizwe ni vingapi zaidi vinahitajika.

Tatu, ulimi na masikio. Gogo anajua vitendawili na hadithi kuliko simu yoyote. Kila hadithi ikiisha, mtoto aulizwe nini kilitokea kwanza na nini kikafuata. Hata Fort Ternan yenyewe ni hadithi: mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dkt. Louis Leakey alitambua hapa mabaki ya kiumbe anayefanana na nyani aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita. Mtoto akiambiwa hivyo atauliza maswali kumi, na kuuliza ndiko kujifunza.

Wako wazazi wanaoona kwamba afadhali katuni, kwa kuwa zinazungumza Kiingereza. Wasiwe na wasiwasi. Sera ya elimu inataka mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Mtoto mwenye maneno mengi ya Kikipsigis au Kiswahili ana mahali pa kuegemeza Kiingereza kitakapokuja.

Nne, kujitegemea. Kunawa mikono, kuvaa viatu, kusubiri zamu yake katika mchezo na kutaja jina lake kamili na la kijiji chake. Kalongolongo na kuruka kamba pamoja na watoto wa jirani humfundisha kungoja na kupatana.

Tahadhari ni muhimu. Mtoto wa chini ya miaka 3 asiachiwe punje wala maharagwe, maana huyaingiza puani na mdomoni. Akae mbali na moto, na mikebe ya dawa ya kunyunyizia kahawa isiwe kitu cha kuchezea kamwe. Michezo hii pia isigeuzwe kazi: akichoka, aachwe. Na mtoto wa miaka 3 asiyesema, au asiyegeuka anapoitwa, apelekwe zahanati mapema bila kungoja shule.

Pa kuanzia ni leo jioni. Chakula kinapopikwa, simu zote ziwekwe juu ya kabati, za wazazi pia, kwa sababu mtoto huiga anachokiona. Siku chache za kwanza atalia. Apewe hindi la kupukuchua, aketi karibu na anayepika, na aulizwe swali. Baada ya muda, atakayeuliza maswali ni yeye.